Nilisugua kioo cha chumba cha chanjo kwa majivu, hesabu ya mwalimu ikanikamata

Wakuu, nawasalimu. Naona humu mnabishana eti fizikia ya shule haina kazi. Mimi ni mzee sasa, sina sababu ya kuwadanganya. Sikieni yaliyonipata.

Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa fundi wa madirisha pande za Ogembo. Zahanati yetu ya kanisa ilikuwa na chumba cha chanjo, dirisha lake kubwa likiangalia magharibi. Jua la alasiri likiingia, friji ya mafuta ya taa ilishindwa kabisa.

Tukaambiwa wakaguzi wanakuja. Wakikuta joto lile, chanjo zinahamishiwa Kisii mjini.

Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, huko ni mbali jamani. Na mimi nilikuwa nimeshazika mtoto kwa surua.

Kanisa likaletewa kioo cha ng'ambo, upande wa ndani kimepakwa utando mwembamba wa madini unaorudisha joto la jua. Mwalimu Nyakundi wa fizikia akapiga hesabu kurasa nne: jua linalogonga kioo, linalorudi, linalopenya, na joto linalotoka na upepo. Mwishoni akaandika: saa tisa, digrii ishirini na sita.

Nikakifunga asubuhi. Kilikuwa na rangi ya shaba kidogo, nikadhani ni uchafu wa safari. Nikachukua majivu na kitambaa, nikasugua kama tunavyosugua sufuria kwetu, mpaka ile rangi ikatoka yote. Nilijisifu kweli!

Saa tisa kipimajoto kikasoma thelathini na moja.

Sista wa zahanati akakaa kwenye benchi akalia. Watu wakaanza kumcheka mwalimu na karatasi zake.

Yeye hata hakuinua kichwa. Alibadilisha namba moja tu, ile ya kioo, akapiga upya. Ikatoka thelathini na moja.

"Hesabu iko sawa. Hii kioo sasa ni ya kawaida tu. Tata, umeifanyia nini?" Aliniita hivyo kwa Kikisii, yaani baba.

Wakuu, nywele zilinisimama. Huyu mtu hakuwepo nikisugua! Karatasi ndiyo iliniona. Nikakiri mbele ya wote, nimeinamisha kichwa.

"Basi utatujengea kivuli," akasema.

Akapiga hesabu ya kibaraza cha mabati juu ya dirisha. Futi nne. Nikamwambia mbili zinatosha, akakataa katakata. Kesho yake nilijenga kutwa nzima bila kula.

Siku ya wakaguzi, saa tisa, sista alisoma kwa sauti: ishirini na saba. Mwalimu akafungua daftari lake, akawaonyesha alichoandika kabla sijajenga. Ishirini na saba.

Wakaguzi wakaziacha chanjo kwetu, nami nikatoka nje nikasimama kwenye migomba nikilia. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Funzo langu: usisugue usichokijua, na usimcheke mtu mwenye kalamu kabla hajamaliza.

Semeni, wakuu, ni nani kati yenu amewahi kukamatwa na hesabu? Mtoto wetu aliyefuata alichanjwa surua ndani ya chumba kile. Ndiye anayenichapia haya.