Ngozi ya Mbuzi Kwenye Chumba cha Picha

Mwaka wa 2012, miezi mitatu baada ya kumzika mume wangu, nilienda Lodwar kupigwa picha ya mimba. Mama mkwe alinisindikiza. Aliamini mashine ile huunguza korodani za mtoto akiwa tumboni, na mimba hii ndiyo pekee aliyoachiwa na mwanawe. Akanifunika chini ya kitovu kwa ngozi ya mbuzi.

"Naona giza tu," daktari akasema.

"Vizuri. Pima kichwa."

"Mama, mashine hii hupiga picha kwa sauti, haichomi. Tena tunapima kwa muda mfupi tu."

"Sauti gani haisikiki?"

"Toa ngozi, mama. Mbuzi hana mimba."

Akaitoa shingo upande. Daktari alipogeuka kuchukua mafuta zaidi ya kunipaka, niliirudisha mwenyewe.