Kumlea Mzambia

Barabara kuu ilipokuwa bado mpya, jua la saa saba mchana liliifanya lami itoe harufu ambayo sijaikuta tena popote: kali, tamu kidogo, iliyochanganyika na dizeli ya malori yaendayo na yatokayo Zambia. Pale kwetu Igawa malori hayo yalisimama. Madereva walishuka, wakanawa vumbi usoni, wakanywa soda kwenye baraza la duka, na kila chupa iliyofunguliwa iliangusha kisoda chini. Kwa watu wazima kisoda kilikuwa takataka. Kwetu sisi watoto kilikuwa mchezaji aliyezaliwa dakika ile.

Kila mmoja wetu alikuwa kocha, na timu yake ilikuwa visoda kumi na kimoja. Uwanja tuliuchora kwa mkaa kwenye sakafu ya saruji ya baraza lile lile la duka. Mpira ulikuwa punje ya mbaazi. Ulipiga kisoda kwa ncha ya kidole, nacho kikapiga mbaazi. Lakini kucheza kulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ilikuwa kulea chipukizi. Kisoda kipya hakifai kitu: kina mkunjo pale kifungulio kilipokibana, meno yake yanakwaruza saruji, na wepesi wake hukifanya kiruke pembeni kikigusa tu mbaazi. Kilipaswa kunyooshwa taratibu kwa kipande cha mti, kisuguliwe kwenye jiwe la mtoni kwa maji na mchanga mpaka meno yalainike, kisha kidondoshewe nta ya nyuki ndani, kidogo kidogo, maana nta ikizidi mchezaji huzeeka kabla ya ujana. Ndipo mazoezi yalipoanza, kutoka mstari hadi mstari, jioni baada ya jioni, mpaka kidole kijue tabia yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wakubwa, na mimi niliamini methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya visoda.

Tulikuwa na sheria mbili ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Ya kwanza, chipukizi hachezi ligi mpaka mpunga uvunwe. Ya pili, mshindi huchagua mchezaji mmoja kutoka timu aliyoifunga. Hii ya pili ndiyo iliyonichosha roho. Sefania, mtoto wa mwenye duka, aliyetuzidi sote umri, hakuwahi kusugua kisoda hata kimoja. Alisubiri tu. Wewe unyooshe, utie nta, umfundishe mtoto hadi akomae. Halafu yeye akufunge kwa timu iliyojaa watoto wa wenzako, ainame juu ya wachezaji wako kama mama anayechagua nyanya sokoni, na ambebe yule yule uliyemtegemea.

"Asante kwa malezi, kocha," alikuwa akiniambia. "Endelea kuzaa."

Wenzangu walicheka, na mimi nilirudi kuokota visoda vipya. Kugoma hatukuweza; baraza lilikuwa la baba yake. Mvumilivu hula mbivu, lakini pale Igawa niliona mvumilivu akipanda na mwingine akila.

Msimu ninaoukumbuka ni ule nilipompata Mzambia. Dereva mmoja alifungua kwa meno chupa aliyokuja nayo kutoka ng'ambo ya mpaka, na kisoda chake kilidondoka karibu na mguu wangu: chekundu, bati nene kuliko vya kwetu, kisicho na mkunjo wa kifungulio. Nilimlea mvua zote. Mashuke ya mpunga yalipoanza kuwa manjano, alikuwa akienda moja kwa moja kama uzi uliovutwa na kusimama pale nilipotaka. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nikiwa na Mzambia ningemfunga Sefania, na safari hii ningechagua mimi, nimrudishe Kipara, mlinzi wangu ambaye Sefania alinichukulia mwaka uliotangulia. Nikifungwa, Mzambia angeondoka.

Habari zilimfikia Sefania.

"Nasikia una mtoto wa kigeni," aliniambia. "Mlete nimwone."

"Hajakomaa."

"Nitamkomaza mimi mwenyewe. Usijisumbue."

Akaanza kuja kwetu kwa visingizio, leo anaomba kaa la moto, kesho anamsalimia mama kwa adabu zote, "Kamwene, mama," huku macho yake yakizunguka pembeni mwa nyumba. Niliona ni lazima nimfiche Mzambia. Baba alikuwa na kopo la visoda vyake. Misumari yenye kofia ya kuezekea ilikuwa haipatikani, kwa hiyo watu walipigilia mabati kwa misumari ya kawaida iliyopitishwa kwenye kisoda, ili maji yasipenye. Mabati yenyewe baba aliyaahidi tangu nikiwa mdogo, na nilishaacha kuyatarajia. Kisoda utakificha wapi salama kuliko kati ya visoda? Nilimtia Mzambia chini kabisa ya kopo, nikalala kwa amani.

Zilibaki siku chache mpunga wetu uvunwe. Nilitoka shule nikasikia nyundo kabla sijaiona nyumba. Lori lilikuwa limeleta mabati kutoka Mbeya asubuhi, na baba na baba mdogo walikuwa juu ya paa. Kopo lilikuwa chini ya ngazi, tupu.

"Baba! Kile chekundu!"

"Chekundu kipi?"

"Kilichosuguliwa. Chenye nta."

Baba alitoa msumari mdomoni. "Ah, kile! Kile kilikuwa kizuri sana, mwanangu. Nimekipiga juu kabisa. Chenye nta hakipitishi maji."

"Naomba ukitoe."

Akamtazama mdogo wake, naye baba mdogo akacheka hadi bati likalia. "Mama Tumaini, njoo umsikie mwanao! Anataka tutoboe nyumba!"

Mama alitoka jikoni, akanitazama, akayatazama mabati yake kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Kwa mtu aliyesogeza kitanda kila mvua inyeshapo, ningeanzia wapi?

Nilicheza bila Mzambia na nikafungwa. Sefania aliinama, akatafuta, hakumwona. Alipoelezwa, alikwenda hadi kwetu, akainua uso kwenye paa lililong'aa.

"Kocha, huyu umempandisha daraja kweli kweli," alisema, kisha akachukua kipa wangu.

Siku hizi ninaishi Iringa mjini, na likizo mjukuu wa dada yangu huja na simu yake. Humo, katika mchezo wa mpira, anaendesha klabu nzima. Analea vijana wa miaka kumi na sita, na karibu na jina la kila mmoja kuna nyota zinazoonyesha atafika wapi akikomaa. Klabu kubwa zikimtaka kijana, yeye anamuuza tu na kufurahi. Akifungwa, anarudi nyuma na kuicheza mechi upya. Nimejionea mambo mengi maishani, lakini kukaa karibu naye hunikera, na kwa muda mrefu sikujua ni nini hasa.

Juzi nikamwuliza simu inasemaje kuhusu kijana ambaye hakuwahi kupangwa hata mechi moja.

"Asiyecheza hapandi kiwango, babu," alijibu bila kuinua macho. "Akikaa sana unamfuta tu, upate nafasi."

"Na zile nyota zake?"

"Zinapotea naye."

Nilimwambia azime simu aje kula, kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia, kisha nikampakulia wali huku nikimfikiria Mzambia, ambaye naye hakuwahi kupangwa hata mechi moja.