Mume Wangu Amempa Kaka Yangu Chuma Ninachokitilia Shaka

Ndugu wasomaji, nashukuru ukurasa huu umekubali kulificha jina langu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na miwili, nina mtoto mmoja anayenyonya, na ninaishi na mume wangu hapa Bukoba. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kwa hiyo mnisamehe pale nitakapoandika kama ninavyosema. Nimechoka, na siku hizi sikai mahali nikatulia. Nabandika ndizi, natoka kuangalia barabara, nikirudi nakuta zimeshika chini ya sufuria.

Mume wangu ni fundi wa magari ya kizamani, yale yaliyoletwa na Wazungu kabla ya vita na ambayo huko kwao hayatengenezwi tena. Spea zake mpya hazipo hata kwenye maduka ya Wahindi mjini. Basi yeye huzunguka mashambani na kwenye misheni, akanunua vyuma vya magari yaliyokufa, akaja navyo nyumbani tukavipima. Nasema tukavipima kwa sababu alinifundisha. Huniambia kutu isinitishe, ya juu inatoka kwa brashi. Chuma kilichopakwa rangi kikang'aa ndicho cha kuogopa. Hukining'iniza kwa kamba ya mgomba akakigonga: kizima hulia kama kengele, kilichopasuka sauti yake hufa palepale. Akiwa bado na wasiwasi, hukipaka mafuta ya taa, akakifuta kikauke, akakinyunyizia unga wa muhogo. Penye ufa, mafuta hutoka polepole na kuulowesha unga.

Sasa shida yangu. Kaka yangu mkubwa anakaa Nshamba, upande wa Muleba. Sisi ni Wakatoliki na mume wangu ni Mlutheri, kwa hiyo kaka hakuipenda ndoa yangu. Tangu niolewe hakukanyaga kwangu, hata mtoto alipozaliwa. Baba yetu alishafariki, kaka ndiye baba yangu, na kukataliwa naye kuliniuma kuliko nilivyowahi kumwonyesha mtu.

Kaka ana gari bovubovu la kubebea kahawa. Watu wa Nshamba huliita Mukaikuru, yaani bibi kizee, na humcheka kwamba siku moja atalibeba yeye mgongoni. Hivi karibuni mkono wa stelingi, kile chuma kinachogeuza magurudumu ya mbele, ulikatika akiwa bado uani kwake. Mume wangu aliposikia hakuniambia neno. Alikwenda hadi karibu na Rubya, ambako gari la namna ileile limenyeshewa mvua miaka mingi chini ya mikaratusi, akaufungua mkono wake, akampelekea kaka habari kwamba ni zawadi, aje auone.

Kaka akaja. Akaingia nyumbani mwangu, akampakata mtoto, akatafuna punje za kahawa na mume wangu, kama ilivyo desturi yetu ya undugu. Akamwambia, "Mulamu, mimi nilikufungia mlango, na wewe umenitafutia mguu wa kutembelea." Mulamu kwetu ndiye shemeji. Nilijificha jikoni nikalia kwa furaha.

Chuma kilibaki hapa kwetu kusafishwa, maana bolti zake zinasubiri meli kutoka Mwanza. Kesho yake nikakisugua mwenyewe, na kwa mazoea tu nikakipaka mafuta ya taa na unga. Nilipotoka kumnyonyesha mtoto na kurudi, nikaukuta mstari umelowa, mwembamba kama uzi, pale chuma kinapopinda.

Nikamwita mume wangu. Akakigonga, na kweli kililia vizuri. Akasema, "Hilo ni kovu la kutu. Umekisikia mwenyewe."

Nikamwambia, "Kovu hutoa madoa, baba. Huu ni mstari. Angekuja mteja leo, ungempa chuma hiki?"

Akaufuta ule unga kwa kiganja. Kisha akasema, "Unataka kaka yako aseme Mlutheri alimletea kifo akakiita zawadi?" Akakipaka grisi nzito, akakifunga kwenye gunia.

Ndugu zangu, mume wangu si mtu mbaya. Hajawahi kumdanganya mteja, na kazi hii anaijua kuliko mimi. Huenda nimekosea. Lakini barabara ya kutoka Nshamba ina miteremko ambayo upande mmoja ni mwamba, na upande wa pili unaliona ziwa huko chini kabisa. Nikimwambia kaka na chuma kikawa kizima, nitakuwa nimeuvunja mwenyewe undugu walioupata juzi, na mume wangu atakuwa ametukanwa na mkewe mbele ya ukoo wangu. Na kwetu zawadi iliyopokelewa kwa kahawa hairudishwi hivihivi.

Juzi kaka alituma habari kwamba safari ya kwanza atamleta mama yetu aje amwone mjukuu. Nilipomwangalia mume wangu akajua ninachowaza. Akasema kwamba siku hiyo atatangulia Nshamba pamoja na mtoto, warudi wote na Mukaikuru, yeye akae mbele na mtoto mapajani, ili nione anavyokiamini chuma chake.

Nimemjibu bila kupandisha sauti kwamba mtoto hatapanda. Hilo nimelikata, na hatanigeuza. Lakini nikimzuia mtoto peke yake, nimekiri kwamba ninaona hatari, halafu nimewaacha mama yangu, kaka yangu na mume wangu waingie humo. Tangu hapo mume wangu ananijibu salamu tu. Kila nikisikia honi bandarini moyo unaruka nikidhani bolti zimefika.

Nishaurini, ndugu zangu, meli haijafika bado. Nimwendee kaka nikamweleze, na amani yao ife? Au nimsubiri mume wangu aseme kwa kinywa chake, na asiposema nifanye nini?