Kampuni Isiyoitikia Salamu

Binti yangu alinyoosha kola ya blauzi, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, tukacheka kidogo. Kampuni moja ya Moshi ilikuwa inatafuta mtu wa mapokezi. Usaili ni wa kujirekodi: swali linatokea kwenye kioo cha simu, nawe una dakika moja ya kulijibu.

Likaja la mwisho: "Unatarajia mshahara kiasi gani?"

"Shikamoo," akasema. "Naomba ninyi mtangulie kutaja mlichonacho."

Akakunja mikono, akasubiri kwa adabu. Ndivyo marehemu mama yake alivyomfundisha walipokuwa wakiuza tangawizi huku kijijini kwetu Mamba, mlimani: mnunuzi aanze, nawe umtazame usoni. Sekunde zikaisha, kioo kikaandika: "Asante. Usaili umekwisha."

"Baba, nimeharibu?"

"Hujaharibu, mwanangu."

Mnunuzi wa tangawizi hutupunja, lakini angalau hupanda mlima, huitikia salamu na kusikia anavyosemwa. Mabwana hawa wanataka mtu wa kukaribisha wageni wao, na wenyewe wamejificha nyuma ya saa ya simu, bei yao mfukoni.

Kesho yake asubuhi tulipanda basi la Moshi. Nilitaka swali lile aulizwe na mtu mwenye macho.