Kifuniko cha Mkanda

Haron hakupenda kusimama mbele ya watu. Hata kanisani Nyakoe, akiombwa kufunga kwa sala, humsukumia mkewe. Sasa alikuwa kwenye kizimba cha mashahidi katika korti ya Kisii, na mikono yake iliyozoea kuchomelea vyuma haikujua ikae wapi.

Kesi ilikuwa ya shemeji yake, Obwocha, aliyemwoa dada yake Loice. Mkanda wa mashine yake ya kusaga mahindi ulinasa leso ya mfanyakazi wake Nyanchera, ukamvuta, ukamvunja mkono. Juma lililofuata Obwocha alimwita Haron afunike mkanda ule kwa chuma. Haron akaufunika. Ndiyo sababu alikuwa hapa.

Mwendesha mashtaka alimuuliza kama kifuniko kilifungwa baada ya ajali. Kabla hajafungua mdomo, wakili wa Obwocha aliinuka. Alisema mtu asihukumiwe kwa kurekebisha, maana hapo nani atarekebisha tena? Haron aliona maneno yale yana haki, akatamani yaishie hapo aende nyumbani alale.

Hakimu aliacha kuandika. Akasema kifuniko peke yake hakitakuwa ushahidi wa kosa. Ila mshtakiwa aliiambia korti kwamba mashine kuukuu kama ile haiwezi kufunikwa kamwe. Kwa jambo hilo tu, shahidi ajibu kama iliwezekana.

Haron alimwona Loice kwenye benchi la nyuma. Akainamisha macho.

"Iliwezekana, Mheshimiwa. Vyuma vilikuwa mabaki ya geti. Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana."

Hukumu iliahirishwa. Nje, Loice alimpita kaka yake kama mtu asiyemjua. Obwocha alikuwa ameegemea ukuta, koti begani.

"Shemeji, umenimaliza kwa geti langu mwenyewe."

Wote wawili walikuwa wamechoka mno hata wasiweze kugombana. Obwocha akamwambia kwamba kifuniko kimelegea, kinatetema mashine ikiwaka, na wakili amemshauri asikiguse mpaka kesi iishe.

"Nikikikaza, nitaitwa tena niulizwe," Haron akasema.

Obwocha alijipangusa uso kwa kiganja.

"Nyanchera amerudi kazini. Anamimina mahindi kwa mkono mmoja." Akaanza kuondoka, kisha akasimama. "Kesho asubuhi, shemeji. Uje na nati kubwa."