Mkwe Hamwandikii Nanyama

Barua ya kwanza ambayo Nanyama alipata akiwa bibi arusi huko Kamukuywa ilimfikia ikiwa imefunguliwa. Dada yake alikuwa amemwandikia kutoka Malakisi. Sanduku la posta lilikuwa la mwenye duka, kwa hivyo mwenye duka akaisoma kwanza. Akampa baba mkwe, naye akaisoma kwa sauti mbele ya wageni wa chai. Nanyama, aliyekuwa amemaliza shule ya msingi na mwandiko wake kusifiwa, alipata habari zake jikoni, kama makombo. Miaka imepita mingi, mwenye duka na baba mkwe wote wamezikwa, lakini hilo hajalisahau.

Ndiyo maana binti yake Nakhungu, aliyeolewa Kitale, alipomnunulia simu nzuri na kumfungulia barua pepe, Nanyama hakuuliza habari za redio wala kamera. Aliuliza jambo moja tu.

"Na hapa ndani, nani mwingine anaingia?"

"Hakuna, mayi," Nakhungu alijibu, akimwita mama kwa Kibukusu chao. "Ni wewe na neno lako la siri."

"Hata kaka yako Levi?"

"Hata Levi."

Nanyama alicheka mpaka kuku wakatawanyika.

Lakini wezi nao wakajua sanduku lina mwenyewe. Barua moja ilisema akaunti yake itafungwa jioni hiyo asipobonyeza hapo chini. Nyingine ikasema mzigo wake umekwama uwanja wa ndege. Nyingine ikampa gari.

"Gari!" alimwambia Rosaline, jirani yake. "Na mimi hata wilbaro naazima kwako."

Alizifuta asubuhi akichambua mboga, na asubuhi iliyofuata zilirudi na majina mapya. Akajifunza kuzitupa kwenye taka. Nyingi zikaanza kwenda huko zenyewe, na bado nyingine zikapenya. Yeye alizipima kwa njia moja: hii inaniitaje? "Ndugu Mteja," zilisema. "Mpendwa Mshindi." Nanyama alizijibu kwa sauti, peke yake hapo jikoni: "Mimi ni mama Levi. Huyo mteja mtafute kwenu." Kisha akazifuta.

Levi, kifungua mimba wake, mwalimu kule Bumula, hakuona cha kuchekesha.

"Mama, hawa watu hawachoki. Siku moja utabonyeza, waingie, watumie jina lako kuibia kanisa nzima. Wacha nifunge hii kitu. Barua zako zikuje kwa simu yangu, nitakuwa nakusomea."

Nakusomea! Neno hilo lilimchoma kama kaa la moto.

"Levi, nilisomewa na baba mkwe. Sitasomewa na wewe niliyekufundisha a, e, i, o, u."

"Basi tukubaliane. Ukibonyeza hata moja ya uongo, tunafunga."

"Sawa. Na nisipobonyeza, hiyo maneno usiniletee tena."

Siku hizo Nakhungu alijifungua msichana wa pili. Mume wake, Gichuki, ni Mkikuyu, na kwao msichana wa pili huitwa jina la mama ya mama yake. Kwa hivyo duniani sasa kulikuwa na Nanyama mwingine, na yule wa kwanza hakuwa amemwona, kwa maana kwa Wabukusu mama mkwe haendi tu kulala nyumbani kwa mkwe. Ilibidi angoje picha. Kila alipopiga simu kuziulizia, Nakhungu alimwambia, "Nitatuma, mayi, nikipata nguvu."

Jumamosi moja barua ikaingia. Juu kulikuwa na jina la Gichuki, anwani yake yenyewe, na ile picha yake akiwa amevaa tai. "Habari mama. Picha za mtoto ziko hapa. Bonyeza, weka neno lako la siri uzione. Fanya haraka kabla hazijafutika."

Hapakuwa na Ndugu Mteja. Nanyama alipangusa mikono kwa leso, akavaa miwani. Kidole kikashuka mpaka karibu kiguse kioo. Kwa ile furaha akasema aisome tena kwanza.

Habari mama?

Kidole kikasimama.

Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawaketi meza moja, hawasemezani ovyo. Gichuki alifundishwa hayo alipokuja kuposa, na kwa kuogopa kukosea akayashika kuliko wenyeji. Siku moja alikutana na Nanyama kwenye njia ya soko, akaruka mtaro na kujitosa katika mahindi ya watu, mpaka mwenye shamba akapiga kelele za mwizi. Nanyama alipolazwa hospitali, Gichuki alisimama nje langoni na kutuma mke wake ndani. Tangu aoe, kila neno lake lilipitia kwa Nakhungu. Leo ndiyo aseme "habari mama", tena "fanya haraka"?

"Huyu si mkwe," Nanyama alisema. "Huyu ni mwizi amevaa koti la mkwe."

Akapiga simu Kitale.

"Nakhungu, bwana yako yuko?"

"Yuko hapa, anafua nepi."

"Muulize kama ameniandikia barua."

Sauti ya mwanamume ikasikika kwa mbali: "Mimi? Nimwandikie mama? Ati nini?" Kisha beseni likaanguka.

Gichuki alijaribu kuingia katika barua pepe yake, ikamkataa. Wezi walikuwa wamebadilisha neno la siri. Bahati nzuri ilikuwa imeunganishwa na namba yake ya simu, akairudisha, akaweka neno jipya, kisha akaanza kupigia watu kuwaonya. Ndugu yake Muturi alipatikana ameshaanza kuandika neno lake la siri. Levi naye alikuwa ametumiwa.

"Niliiona, mama," alikubali. "Nilikuwa naenda kuifungua, bando ikaisha."

Nanyama alicheka kidogo siku hiyo, akamalizia kesho yake.

Wakaja wote Kamukuywa. Nakhungu aliingia na mtoto. Gichuki akabaki nyuma ya jikoni, uso ameelekeza kwenye migomba.

"Mwambie mama asante sana," alisema kwa mke wake.

"Mwambie nimesikia," Nanyama akajibu kutoka ndani, mtoto kifuani. "Na mwambie aendelee hivyo hivyo. Siku akiniandikia, nitajua ameibiwa tena."

Huko migombani mtu alicheka mpaka akakohoa.

Levi akawapiga picha, Nanyama wawili pamoja.

"Nikutumie, mama?"

"Tuma. Kwa sanduku langu."

Simu ikalia. Watu wakasogea kuona. Nanyama akawageuzia mgongo, akaifungua, akaitazama mpaka akatosheka. Ndipo akawapa wengine.