Theluthi ya Hewa

Théoneste Ndahiro ana miaka arobaini na mitatu na anaishi Nengo, kando ya ziwa, karibu na mpaka wa Goma, katika chumba alichoachiwa na mama yake. Kazi yake ni kusafisha matumbo ya boti za hoteli na kutafuta vitu vilivyozama: nanga, simu, pete za harusi. Anashuka akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, kitu ambacho watu wengi wa hapa walikiona kwake kwa mara ya kwanza.

Mtungi huo alikuja nao kutoka kisiwa kimoja cha Bahari ya Mediterania. Alipelekwa huko na mume na mke waliokuwa wageni katika hoteli alikofua mashuka. Wao walikuwa na duka la kuzamia. Mwaka wa kwanza aliosha nguo za mpira na kujaza mitungi. Mwaka wa tatu alikuwa akiwaongoza wageni ndani ya mapango yaliyo chini ya maji. Alisema mwamba wa huko ni mweupe kama mkate, na katika pango moja mwanga huingia kwa tundu la juu na kusimama ndani ya maji kama nguzo.

Pangoni huwezi kuibuka tu ukiishiwa pumzi, kwa kuwa juu yako kuna mwamba. Ndiyo maana sheria ni moja: theluthi ya hewa ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi haiguswi. Mshale wa saa ya mtungi, inayopima hewa, ukionyesha kwamba theluthi ya kwanza imeisha, unageuka, hata kama umebakiza mita moja kufika unakokwenda. Ndahiro aliishika sheria hiyo miaka sita. Hakuna mgeni wake hata mmoja aliyebaki chini, na hilo ndilo jambo pekee alilojisifia maishani. Mama yake alipougua, alirudi nyumbani.

Jirani yake alikuwa Hamisi Gatete, mchuuzi wa sambaza, aliyenunua samaki Rubona na kuwauza Goma. Mkewe, Kaltumu, ni fundi cherehani. Asubuhi moja mtumbwi wa Hamisi ulikutwa umepinduka karibu na miamba ya Rubona. Yeye hakuonekana.

Nzabonimpa, mwenye boti na binamu wa Hamisi, alimpeleka Ndahiro mahali pale. Ndahiro alishuka akifuata mteremko wa mawe. Alipofika mita ishirini na mbili aliona, kwenye mwanga wa tochi yake, mtu amelala chali juu ya jiwe, mita kama sita chini yake. Alikuwa amevaa shati la njano. Ndahiro aliangalia mshale. Theluthi ilikuwa imeisha. Akageuka.

Alipoibuka, Nzabonimpa aliushika mtungi na kusoma saa yake, kwa maana Ndahiro mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuisoma.

"Mbona hewa iko mingi hivi? Imepita nusu!"

"Ni sheria. Ya kule mapangoni."

"Na hapa pango iko wapi, grand frère?" Nzabonimpa alionyesha mbingu kwa kidole. "Juu yako kulikuwa na nini? Mimi?"

Ndahiro alipanda botini. Kwa kweli hapakuwa na kitu juu yake ila maji. Hakuwa amewahi kuona maiti chini ya maji, na mshale ulimpa sababu ya kugeuka.

"Bon. Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

Angeweza kushuka tena palepale, lakini alikuwa ameshasema. Kesho yake alirudi peke yake kwa hewa iliyobaki. Alifika mpaka kwenye jiwe, akapita theluthi ya hewa hiyo, akapita nusu yake. Jiwe lilikuwa tupu. Usiku ulikuwa wa upepo, na chini ya jiwe lile mteremko unaendelea mpaka mahali ambapo hakuna mzamiaji anayefika.

Wavuvi walingoja maiti iibuke, siku tatu, kisha wiki. Hamisi hakuibuka. Hapo maneno yakaanza. Kaka yake mwenyewe alisema Hamisi ameupindua mtumbwi makusudi na kumkimbilia mwanamke wa Goma aitwaye Liliane. Kaltumu alipotaka kukaa eda, wanawake wa bombani walimcheka: "Eda ya nini, Mama Shadia? Bwana yako iko Goma anakula sombe!" Imamu naye, aliyekulia Tanzania, alimwambia kwa upole kwamba bila maiti wala shahidi hawezi kumswalia mtu.

Basi kila Alhamisi Kaltumu alifunga cherehani, akavuka mpaka kwa petite barrière, akiwa na picha ya mumewe mkononi, akauliza sokoni. Hakujua kama ni mjane au ameachwa. Ndahiro alimwona akienda, na jioni alimwona akirudi na vumbi jeusi la Goma miguuni.

Miezi minne ilipopita, Ijumaa moja asubuhi, alimfuata barazani kwake.

"Mama Shadia, siku ile alivaa shati gani?"

"Ya njano. Nilishona mi mwenyewe."

"Mfuko wake uko upande wa kuume."

Gurudumu la cherehani lilisimama. Mashati yote huwekwa mfuko upande wa kushoto. Lile alilibadilisha kwa sababu Hamisi alitumia mkono wa kushoto.

"Uliona wapi?"

"Rubona. Siku ya kwanza. Alilala kwenye jiwe."

"Na hewa ilikuwa imeisha?"

"Ilikuwa inatosha."

"Kufika na kurudi?"

"Kufika na kurudi, na ingine ingebaki."

Kaltumu alifunika cherehani. Alivaa mtandio, akamwambia atangulie. Msikitini Ndahiro aliyarudia yote mbele ya imamu, mbele ya kaka wa Hamisi, na mbele ya Nzabonimpa, ambaye hakumtazama. Baada ya sala ya Ijumaa Hamisi aliswaliwa bila jeneza. Ndahiro, aliye Mkatoliki, alisimama nje karibu na viatu.

Kisha Kaltumu alimuuliza imamu aanze lini eda.

"Eda huhesabiwa tangu siku aliyofariki, binti yangu, si siku uliyopata habari," imamu alisema. Ni miezi minne na siku kumi. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. "Zimebaki siku sita."

Ndahiro alimsindikiza nyuma nyuma mpaka Nengo. Mlangoni Kaltumu aligeuka.

"Miezi mine nilikuwa nazunguka Goma na picha, natukana marehemu kwa roho yangu," alisema. "Sasa siku sita. Nitalia nini kwanza, we Ndahiro?"

Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.